Mashine ya plazima ikigoma, bodi iache kwanza

Sie tunaoshinda na mashine za kukatia chuma tuna ugonjwa mmoja, mashine ikigoma tu wa kwanza kulaumiwa ni bodi, ile sahani ya kielektroniki ya kontroli. Mfuniko haujafunguliwa hata, mtu kashatoa hukumu "hiyo bodi imekufa", bodi mpya inaagizwa, inafungwa, mashine inagoma vilevile, afu inaanza safari ya kutafuta bodi ya pili. Sisemi bodi hazifi, zinakufa tena sana tu, ila kwenye hizi pawasaplai kubwa za plazima, zile za ampea 100, 200 mpaka 400 zinazofungwa na meza ya CNC inayoendeshwa na kompyuta, mara nyingi bodi imeona kitu hakiko sawa mahali fulani ikakataa kuendelea, yaani imefanya kazi yake vizuri kabisa, na we unaing'oa kwa kosa la kusema ukweli.

Sasa niandike mi ninavyozifuata. Kila mtengenezaji ana michoro yake na hiyo michoro uitafute kabla ya yote, lakini matumbo ya hizi mashine yanafanana sana. Toka plazima ianze kukata vyuma miaka ya 1950 shughuli ni ileile, unachukua umeme wa fezi tatu, unaugeuza DC, yaani wa mwelekeo mmoja, unaubana pamoja na gesi upite kwenye tundu dogo, chuma kinayeyuka na kupulizwa chini. Kilichobadilika ni namna ya kuudhibiti mkondo. Zipo zenye transfoma kubwa zito kule chini, inafuata rektifaya ya kugeuza AC kuwa DC, inafuata choppa ya IGBT, yaani swichi za kielektroniki zinazokatakata umeme, na zipo za inveta ambazo zinachukua umeme wa laini na kuupeleka kwenye rektifaya moja kwa moja, afu IGBT zinaukatakata kwa kasi kubwa kupitia transfoma ndogo ambayo unaibeba kwa mkono mmoja.

Kabla ya mita, tumia masikio. Pawasaplai ya plazima ina ratiba yake ya kuamka na huwa hairuki hatua. Ukiwasha, transfoma ndogo inalisha umeme wa kontroli, bodi inajikagua, inaangalia swichi zake za usalama, joto, presha ya gesi, mtiririko wa maji ya kupozea, kepu ya tochi (kile kichwa cha kukatia) kama imekaa. Ukitoa amri ya kukata, valvu zinafunguka unasikia gesi inapuliza, kontakta kubwa, ile swichi ya sumaku ya umeme mkubwa, inashika kwa kishindo, DC inatokea kwenye matokeo, na hapo bila mkondo utakuta volti kama 250 mpaka 400 kutegemea na mashine. Afu ndani ya tochi cheche inaruka kati ya elektrodi ya katikati na nozo yenye lile tundu dogo, inazaliwa arki ndogo tunayoiita paileti, inachungulia nje ya tundu la nozo, ikikutana na bamba mkondo unaanza kurudi kupitia kebo ya bamba, sensa inaona, rilei ya paileti inaachia, na kontroli inapandisha mkondo mpaka ampea ulizoset. Yote hayo ni sekunde chache tu.

Kwahiyo swali langu kwa opereta huwa ni moja, imefika wapi? Gesi imepuliza? Kontakta imelia? Umeona mwanga? Ulikuwa mwanga mwembamba wa bluu au ni arki yenyewe? Opereta mzuri anakujibu maswali haya bila kufungua bolti hata moja na hapo umeshaitupa robo tatu ya mashine nje ya lawama. Ile namba ya hitilafu kwenye skrini pia isome, iandike, lakini usiiamini kupita kiasi, inakuonyesha nani kalalamika tu. Mashine ikisema "fezi imepotea" inawezekana fezi ipo na kisensa cha fezi ndo kimekufa, au fezi ipo ukiwa umesimama na inapotea ukianza kukata, na hizo ni kesi mbili tofauti kabisa.

Kabla sijaenda mbali, kapasita. Hapa sina utani. Kwenye mashine ya inveta inayolishwa volti 400, basi ya DC, yaani njia kuu ya umeme wa DC ndani ya mashine, inakaa karibu volti 565, na benki ya kapasita ya maikrofaradi 2000 ikiwa imejaa kwa volti hizo ina jouli kama 320, kiasi cha kukuua bila mashine kuwa imechomekwa popote. Kile kibandiko kinachosema subiri dakika 5 kina hesabu nyuma yake. Kuna rizista za kumwaga chaji, tuseme kilo-omu 30, kwa kapasita hizo kila dakika moja volti zinashuka mpaka asilimia kama 37 ya zilivyokuwa, yaani 565, inakuja 208, inakuja 76, 28, 10, dakika ya 5 umebaki na volti kama 4. Safi. Ila hesabu hiyo inasimama juu ya rizista kuwa nzima, na rizista hizo zinakaa kwenye joto miaka yote, zinakatika, na ikishakatika we unaweza kusubiri dakika 5, ukanywa na chai, ukarudi ukakuta volti 400 zinakusubiri. Kwahiyo zima, funga swichi kuu kwa kufuli lako mwenyewe, ufunguo ukae mfukoni mwako, subiri, afu pima. Na mita yenyewe ijaribu kwanza kwenye umeme unaoujua, ndo upime hiyo basi ya DC, afu uirudie kuijaribu tena, maana mita yenye waya uliokatika nayo inaonyesha sifuri. Nimeona mtu anamwaga chaji kwa kuweka bisibisi kati ya vichwa viwili vya kapasita, bisibisi inayeyuka ncha na kapasita inaumia ndani, tumia rizista ya wati za kutosha yenye waya zilizofunikwa vizuri.

Haya, tuingie upande wa umeme unaoingia, maana ndo kwenye uongo mwingi.

Kuna mashine moja ya ampea 200, ya transfoma kubwa, ilikuwa inakata mabamba membamba vizuri tu. Ukiweka bamba nene inatoboa, inaenda kidogo, arki inakatika, skrini inalalamika fezi. Mafundi waliotangulia walishapima fezi zote tatu chini ya kontakta, zote zipo, tofauti ni volti mbili tatu, kwahiyo wakahamia kwenye bodi, bodi ikabadilishwa, hali ileile. Sasa tatizo la kipimo kile ni kwamba kilifanyika mashine imekaa bila kukata. Kontakta ikiwa imeshika na hakuna arki, mkondo unaopita ni mdogo sana, na kontakti iliyoungua hata ikiwa na ukinzani wa kipuuzi, kwa mkondo mdogo haipotezi kitu, mita inakuonyesha volti kamili. Tulichofanya ni kuzima, kufunga kwa kufuli, kuhakikisha hakuna umeme, afu kubana waya za mita kwa vibano vya mamba juu na chini ya nguzo moja ya kontakta, yaani unapima volti zinazopotea juu ya kontakti yenyewe, mita ikawekwa mbali inaonekana, mlango ukarudishwa, watu wakakaa pembeni, opereta akapewa bamba nene akate. Nguzo ya kwanza milivolti chache. Nguzo ya pili hivyohivyo. Ya tatu, volti 6 na inarukaruka. Mashine ya ampea 200 kwa arki ya volti 150 inatoa kilowati 30, kwahiyo kila fezi ya kuingilia inabeba kama ampea 50, ukizidisha na hizo volti 6 unapata wati 300 za joto zinazopikwa kwenye kontakti ndogo kama ukucha. Kuifungua tukakuta fedha ya kontakti imeliwa yote imebaki shaba nyeusi, na plastiki ya pembeni imeanza kugeuka rangi ya kahawia. Ukinusa ilikuwa wazi kabisa, ile harufu ya bakelaiti iliyoungua haifichiki, sema hakuna aliyepeleka pua.

Toka hapo neno "fezi zipo" silikubali mpaka niulize zilipimwa mashine ikifanya nini.

Na uongo mwingine wa fezi ni huu. Fezi ikikatika kabisa, transfoma haikai kimya, koili zake zinarudisha volti kwenye ule upande uliokatika, utaweka mita ukute volti kama nusu, 200 badala ya 400, mtu anasema "ipo ila ina volti kidogo". Haipo hiyo. Unasoma kivuli. Ikiwa kuna mota ya fezi tatu inazunguka kwenye laini hiyohiyo, tuseme pampu ya maji, inaweza ikatengeneza volti zinazokaribia kabisa zile za kawaida kwenye fezi iliyokufa, na hapo mita ya volti peke yake itakudanganya mchana kweupe. Chukua mita ya kubana kebo, pima ampea za fezi zote tatu wakati wa kukata, zinatakiwa zikaribiane. Moja ikiwa sifuri na mbili zimepanda, maneno yameisha, nenda kwenye fyuzi, kwenye breka, kwenye kontakta, kwenye bolti za kebo.

Baada ya hapo inakuja rektifaya. Daraja la daiodi sita, ukilipa volti 400 za AC linakupa karibu 565 bila mzigo na kama 540 kwa wastani ukiwa na mzigo. Zima, mwaga chaji, pima kila daiodi kwa mita ikiwa kwenye alama ya daiodi, upande mmoja usome kama 0.4 mpaka 0.6, upande wa pili isisome kitu. Ikisoma sifuri pande zote ni shoti na kwa kawaida breka ilishakwambia. Inayosumbua ni daiodi iliyokatika, maana breka hairuki na mashine inafanya kazi kwa kulegea. Dawa yake ni mawimbi. Fezi tatu za hezi 50 kwenye daraja zima zinatoa mtetemo wa hezi 300 juu ya DC, ukiona hezi 50 ujue kuna daiodi moja imekatika, ukiona hezi 100 ujue kuna fezi nzima haichangii kitu, na hata bila osiloskopu ukiweka mita kwenye AC juu ya basi ya DC wakati wa mzigo utaona volti za mtetemo zimekua kubwa kuliko kawaida. Mita iwe ya daraja la usalama la CAT III, volti 1000, tafadhali, sio zile za njano za kuchezea.

Kapasita nazo kwenye mashine nyingi zimepangwa mbili mbili mfululizo ili zigawane volti. Basi ya 565, kila nusu inatakiwa isome 282 hivi. Ukikuta huku 310 na huku 255 usifurahi kwamba jumla inatimia, kuna rizista ya kusawazisha imekatika au kuna kapasita inavuja, na ile inayobeba 310 ndo itakayopasuka. Vichwa vilivyovimba, mafuta yaliyovuja chini, hayo yanaonekana kwa macho sitayarefusha. Na kama mashine ina rizista ya kuanzia taratibu, ile inayojaza kapasita kabla rilei haijaifunga njia kuu, ipime. Ikikatika, basi ya DC haijai au inajaa kwa kishindo rilei ikishika, na breka inaruka kila ukiwasha, afu watu wanabadilisha breka kubwa zaidi. Breka kubwa zaidi! Ndo mwanzo wa moto huo.

IGBT. Hapa nataka niende polepole kidogo kwasababu ndo sehemu inayokula hela na ndo inayofanyiwa haraka. Umeme umezimwa, basi ni sifuri, umehakikisha. Mita kwenye daiodi, waya mwekundu kwenye emita, mweusi kwenye kolekta, utapata ile daiodi ya ndani, 0.3 hadi 0.5 hivi, ukigeuza waya isisome, ingawa kama kapasita bado zimeunganishwa namba itapanda taratibu kidogo kidogo, usishtuke, mita inazijaza. Kati ya geti, ule mguu unaoiamuru IGBT, na emita isiwe shoti. Ila ukipima ikiwa kwenye bodi utakuta kilo-omu kadhaa maana kuna rizista imewekwa pale makusudi, kwahiyo linganisha na jirani yake mzima badala ya kutafuta namba kichwani. Mashine hizi zina chaneli zaidi ya moja zinazofanana, huo ni mchoro wa bure umepewa, chaneli nzima ndo mwalimu wa chaneli mbovu.

Ukishapata IGBT yenye shoti usiende dukani bado. IGBT ikipasuka kolekta inagusana na geti na volti mia tano na kitu zinaingia kwenye drava ya geti, ile saketi inayolipa geti amri, ambayo imezoea 15. Rizista za geti zinakatika, zena (daiodi za kuzuia volti kuzidi) zinakufa, optokapla (inayopitisha ishara kwa mwanga) au ile transfoma ndogo ya drava inapona kwa bahati. Ukifunga IGBT mpya juu ya drava iliyojeruhiwa geti linabaki linaelea, ukibonyeza start kinalia kishindo, na hela yako imeishi sekunde moja. Kwahiyo drava kwanza. Tenganisha basi, washa umeme wa kontroli peke yake, na osiloskopu yenye probu ya kutenganisha, sio ile ya kawaida yenye ethi maana utaunganisha basi na ethi kupitia osiloskopu yako, angalia kama kila geti linapata mapigo safi, kupanda karibu volti 15 na kushuka chini ya sifuri pale ambapo mchoro unasema. Afu jiulize imekufa kwa nini. Pesti ya joto imekauka imekuwa unga? Skrubu moja imelegea? Feni imeziba? Snaba, ile ya kumeza miruko ya volti, imekatika? Au sensa ya mkondo inadanganya?

Hiyo sensa ya mkondo inasahaulika sana. Ni kile kipete cheusi ambacho kebo kubwa inapita katikati, ndani kina kijumba cha Hall kinachohisi sumaku ya mkondo, kinataka plasi 15 na mainasi 15. Ikipotea moja kati ya hizo, kwa soketi kulegea tu, sensa inatoa namba ya ajabu, kontroli inaamini mkondo ni mdogo, inaongeza, inaongeza, na IGBT ndo inayolipa. Pima volti zake zote mbili, pima tokeo lake mashine ikiwa haikati, liwe sifuri au karibu yake, afu wakati wa kukata linganisha na mita ya kubana ya DC kwenye kebo ya bamba. Ni kazi ya dakika chache.

Tuseme sasa umeme wote uko sawa na tatizo ni arki haiwaki. Hapa inabidi ujue mashine yako inaanza kwa njia gani. Kuna zinazoanza kwa kugusana, elektrodi na nozo zinakuwa zimegusana afu presha ya gesi inazitenganisha na arki inazaliwa hapo, na kuna zinazotumia HF, volti elfu kadhaa za masafa ya juu zinazoruka pengo. Za HF ukiona cheche nyembamba ya bluu kwenye ncha ya tochi lakini hakuna arki, shukuru, umepewa nusu ya jibu. HF ipo, ambacho hakijafika ni DC kati ya elektrodi na nozo. Nenda kwenye rilei ya paileti kama kontakti zake zinashika kweli, nenda kwenye rizista ya paileti, nenda kwenye ule waya mwembamba wa paileti ndani ya kebo ya tochi ambao unapindapinda na meza kila siku mpaka unakatikia ndani ya ganda. Na kinyume chake, rilei ikiganda imeshika, nozo inabaki na umeme hata baada ya arki kuhamia kwenye bamba na utashangaa nozo zinatoboka upesi kuliko kawaida, kila mtu analaumu nozo za bei rahisi.

Kama hata hiyo cheche hakuna, HF yenyewe. Spaki gepu ina vichwa viwili vinavyoliwa taratibu, pengo linakua, mwisho cheche inashindwa kuruka. Kuna kipimo chake kwenye kitabu cha mashine, tumia fila geji, vile vibamba vya kupimia pengo, usikadirie kwa jicho. Na usithubutu kuweka mita kwenye matokeo HF ikiwa hai, mita itakufa na inaweza isife peke yake. Izime HF kwanza kwa kuchomoa waya wa kulisha transfoma yake, ndo upime zile volti za bila mzigo.

Halafu kuna wizi wa HF. Mashine inapiga cheche vizuri ndani lakini kwenye tochi haifiki, inaishia njiani. Kebo ya tochi iliyochubuka ikalala kwenye chuma cha meza ni mwizi wa kwanza. Mwizi wa pili watu hawamfikirii, ni maji. Mashine zinazopozwa kwa maji zinapitisha maji hayohayo karibu na elektrodi yenye volti mia kadhaa, na ndo maana zinataka maji maalumu yasiyopitisha umeme. Mtu akiona tenki limepungua akaongeza maji ya bomba, mkondo unapata njia ndani ya mipira, HF inanyong'onyea, mashine inaanza kukataa kuwaka mara moja katika mara kadhaa, baadae kila mara. Hakuna bodi itakayoponya hiyo. Mwaga, suuza, weka sahihi.

Elektrodi zenyewe sitazisemea sana, ila kabla ya kufungua kabati lolote fungua tochi. Elektrodi ya kukatia kwa hewa au oksijeni ina hafni katikati, shimo lake likifika kina cha kama milimita moja nyingi zinakuwa zimefika mwisho. Weka seti mpya kabisa, elektrodi na nozo kwa pamoja, ndo uendelee kulaumu umeme.

Paileti ikiwaka vizuri, inachungulia, inakaa, halafu inazima bila kukata, hapo naenda upande wa kebo ya bamba bila kufikiria mara mbili. Na hapa ndo kuna kipimo kibaya kingine kinachopendwa, mtu anaweka mita kwenye omu, anagusa huku na huku, inasoma 0.2, anasema kebo nzima. Waya za mita peke yake zina hiyo 0.2! Kwa ampea 200, ukinzani wa 0.01 tu unapoteza volti 2 na kutoa wati 400 za joto, na 0.01 mita yako haiioni kabisa. Pima volti wakati wa kukata, waya mmoja kwenye bolti ya matokeo ya mashine, mwingine kwenye bamba lenyewe linalokatwa. Sio kwenye meza. Kwenye bamba. Maana kati ya meza na bamba kuna zile pau zilizojaa mavi ya chuma, kutu na rangi, na saa ingine kebo ni nzima, klampu ni nzima, meza ni nzima, bamba limekaa juu ya ganda la uchafu halina habari na umeme. Ukiona volti kubwa, sogeza ule waya wa pili kurudi nyuma kipande kwa kipande, meza, klampu, lagi (kile kichwa cha kebo), kebo, pale volti zinaporuka ndo penyewe. Lagi iliyokunjwa vibaya inakuwa ya kijani ndani ya ganda huku nje inang'aa.

Swichi za usalama zipo mfululizo kwenye mnyororo, mara nyingi wa volti 24. Njia rahisi ni kuweka waya mweusi kwenye komoni, ule upande wa kurudi, na kutembeza mwekundu kutoka swichi hadi swichi, 24 ipo, ipo, ipo, imepotea, swichi uliyoivuka sasa hivi ndo iko wazi. Afu jiulize iko wazi kwa haki au kwa ubovu. Wengi wanaunganisha waya kuirukia "kwa kujaribu tu" na majaribio yanageuka kuwa makazi. Ya mtiririko wa maji ukiirukia tochi inayeyuka. Ya kepu ya tochi usiirukie kabisa, ile ndo inayozuia mtu kubadilisha elektrodi ikiwa na volti 300. Za joto nazo, kabla ya kuzilaumu soma kibandiko cha uwezo, asilimia 60 maana yake ni dakika 6 za kukata ndani ya dakika 10 kwa hewa ya nyuzi 40, ukikata dakika 10 mfululizo mashine ikasimama haina ugonjwa wowote, wewe ndo umezidisha.

Kuhusu CNC kuganda kila HF inapopiga, hiyo ni mada ya peke yake, ila nitasema tu anza na ethi. Meza na pawasaplai na kabati la kontroli zikutane sehemu moja, kwa nyaya fupi nene, na kebo ya tochi isilale kwenye trei moja na kebo za enkoda, zile sensa za mwendo wa meza. Nusu ya kesi zinaishia hapo.

Vumbi. Vumbi la mahali pa kukatia ni chuma, linapitisha umeme. Likikaa juu ya bodi pamoja na unyevu kidogo linachora njia nyeusi kati ya miguu ya vifaa, na hapo ndo unapata zile hitilafu za asubuhi tu ambazo mchana zinapotea. Kulipuliza kwa hewa ya kompresa yenye presha kubwa unalisukuma ndani ya soketi na chini ya IC, tena hewa yenyewe ina maji. Livute kwa vakyumu na brashi laini isiyozalisha umeme tuli, na hewa iwe kavu na ya presha ndogo tu kwa hitisinki, yale mapezi ya kupozea.

Ukishatengeneza, usiwashe tu ukakata. Kama uligusa IGBT au drava, lisha basi kwanza kwa saplai ya DC ndogo yenye kikomo cha mkondo, volti 30 mpaka 60, angalia mapigo ya geti, angalia kama mkondo unabaki mdogo. Umeme kamili ufuate, bila arki, sikiliza, nusa. Afu kata kwa ampea za chini kwenye bamba dogo, panda taratibu. Ikishakata kazi ya kweli kwa muda, zima, fungua, pitisha kipima joto cha mwanga kwenye bolti zote za kebo kubwa, kontakta, rektifaya na hitisinki kabla hazijapoa. Bolti yenye nyuzi 20 zaidi ya mwenzake iliyo kwenye kazi ileile, kaza au fungua usafishe kabla hujafunga mfuniko, maana ukishafunga hutarudi mpaka iungue.